Huduma ya kusoma madai ya hataza za michakato ya kikemia, Arusha: tathmini ya mteja

Ofisi ninayoitathmini ni ya mawakili, iko katikati ya Jiji la Arusha, na pamoja na kazi zake za kila siku za ardhi, mirathi na mikataba ya kampuni za utalii imeongeza huduma ambayo kaskazini mwa nchi si rahisi kuipata: kusoma madai ya hataza za michakato ya kikemia, yaani sentensi zinazosema ni kitu gani hasa hataza inalinda, na kueleza kwa maandishi yanabeba nini na hayabebi nini, kwa ajili ya mtu anayekata rufani au anayeijibu. Shauri letu bado halijaamuliwa, kwa hiyo ofisi sitaitaja kwa jina, wala sitaipima kwa kigezo cha kushinda au kushindwa. Ninachopima ni kazi tuliyoilipia, na kama mtu mwingine mwenye karakana, maabara au kiwanda kidogo cha Arusha au Moshi anaweza kuwapelekea karatasi zake.

Sisi tunatengeneza vichujio vya maji vya mkaa wa mifupa, upande wa Usa River. Anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Meru hahitaji kuelezwa floridi ni nini, kwa kuwa anaiona kwenye meno ya majirani. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita, na chemchemi na visima vingi vya ukanda huu vinavuka kiwango hicho. Mfupa ukichomwa bila hewa hubaki na madini ya haidroksiapataiti, na floridi iliyomo ndani ya maji huingia katika madini hayo na kuchukua nafasi ya haidroksili. Hilo si jipya. Viwanda vya sukari vya Ulaya vilitumia mkaa wa mifupa kuondoa rangi kwenye sukari tangu karne ya 19, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa Meru, kimeufanyia kazi mkaa huo kwa ajili ya floridi kwa miaka mingi. (Wateja wetu, kwa kweli, hawaanzi kuuliza kemia; wanauliza mifupa ni ya mnyama gani. Ni ya ng'ombe na mbuzi.) Kwa kuwa bidhaa yenyewe inajulikana, kilichobaki cha kuombea hataza kilikuwa njia ya kuitengeneza, na njia hiyo ndiyo iliyokataliwa.

Dai letu la kwanza, kwa kulifupisha, lilikuwa la mchakato unaojumuisha kuchemsha mifupa katika maji yenye magadi asilimia 2 hadi 5. Kuipasha mifupa hiyo moto hadi nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi katika tanuri lililozibwa. Kuupoza mkaa ndani ya tanuri hilo hilo likiwa bado limezibwa. Kuuponda mkaa uliopozwa. Na kuuosha hadi maji yanayotoka yawe na pH kati ya 7 na 8. Mtahini, yaani mchunguzi wa maombi ya hataza, alitaja andiko la zamani ambamo mifupa ilichemshwa katika maji yenye magadi asilimia 1.6, kisha ikapitishwa katika hatua zile zile, na akahitimisha kwamba mchakato wetu hauna upya, yaani ulikwisha kujulikana kabla yetu. Kwa hiyo rufani yote ilikaa juu ya swali moja ambalo mtu wa sokoni angelicheka: je, 1.6 imo ndani ya "2 hadi 5"?

Ofisi ilitoza shilingi 1,800,000, zinazolipwa kwa awamu mbili, kwa vitu vitatu: waraka wa tafsiri ya madai, kutembelea karakana, na rasimu ya sababu za rufani. Waraka wa tafsiri huandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya mteja, kisha hufuatiwa na toleo la Kiingereza la kuwasilishwa, maana maombi ya hataza ya kanda hushughulikiwa na ARIPO, Shirika la Kanda ya Afrika la Miliki Bunifu lenye makao makuu Harare, na shirika hilo hufanya kazi kwa Kiingereza. Tanzania imo katika Itifaki ya Harare ya 1982, na anayekataliwa maombi chini ya itifaki hiyo ana njia ya kufika mbele ya Bodi ya Rufani ya shirika. Toleo la Kiswahili si tafsiri ya juu juu. Ni maandishi yaliyofikiriwa kwa lugha hiyo, na fundi wetu wa tanuri, ambaye hana shule ya sheria wala ya kemia, aliyasoma hadi mwisho na kuweka alama mahali alipoona hapakubaliani na kazi yake.

Sehemu iliyostahili bei yote ni ile ya asilimia 2. Wakili aliyeshika jalada letu hakuanza na kutafuta namna ya kutuokoa. Alianza na kesi ya Smith & Nephew dhidi ya ConvaTec, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2015, ambayo naieleza hapa kwa urefu kwa sababu sijaona ikielezwa kwa Kiswahili na kwa sababu inamhusu kila mtu anayeandika namba ndani ya dai. Hataza ya ConvaTec ilihusu njia ya kutia madini ya fedha kwenye nyuzi za kufungia vidonda ili zizuie vijidudu bila kubadilika rangi kwa mwanga. Hatua moja ya njia hiyo ilikuwa kuziweka nyuzi kwenye kikemikali cha kusaidia fedha ishike, kama vile kloridi, "katika kiwango cha kati ya asilimia 1 na asilimia 25" ya ujazo wote wa myeyusho wa kutibu nyuzi. Smith & Nephew walirekebisha mchakato wao ili kiwango kisizidi asilimia 0.77, wakiamini kwamba aliye chini ya 1 yuko nje ya uzio.

Jaji wa kwanza alitumia kanuni ya tarakimu zenye maana: "1" yenye tarakimu moja huanzia 0.95, kwa hiyo 0.77 iko nje. Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Kitchin, ilitengua. Ilisema kwamba msomaji mwenye ujuzi wa fani hiyo angeona namba 1 na 25 zimetolewa kama namba nzima, na angezisoma kwa kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu, yaani kuanzia 0.5 hadi chini ya 25.5. Hivyo 0.77 ikawa ndani, na aliyedhani amekwepa akajikuta ameingia. Hakuna aliyepinga kwamba 0.77 ni ndogo kuliko 1. Kilichobishaniwa ni kiwango cha usahihi ambacho mwandishi wa dai alikuwa amejifunga nacho mbele ya msomaji wake.

Kwa mwenye hataza anayemfukuza mshindani, usomaji huo ni zawadi. Kwetu ulikuwa kinyume kabisa. Dai husomwa kwa maana moja tu, iwe linapimwa dhidi ya mshindani wa kesho au dhidi ya andiko la jana. Mtu hawezi kulinyoosha ili limnase jirani kisha akalikunja ili limwepuke mtangulizi. Kama "2" yetu inakadiriwa kwa namba nzima, basi inaanzia 1.5, na 1.6 ya andiko la zamani imo ndani, na upya wetu umekwisha. Wakili aliliandika hilo kwenye ukurasa wa pili wa waraka, bila kulipamba, kabla ya kuandika hoja yoyote ya kutusaidia. Nimeshapokea ushauri wa kisheria wa aina nyingi, na mara nyingi jambo baya huja mwishoni, baada ya awamu ya pili kulipwa. Hapa lilikuja mapema, na ndilo lililonifanya niwaamini.

Hoja waliyoijenga baada ya hapo ilitoka ndani ya maelezo yetu wenyewe ya uvumbuzi. Katika mfano wa pili tulikuwa tumeandika kwamba gramu 410 za magadi ziliwekwa katika debe la lita 20, sawa na asilimia 2.05. Rasimu ya rufani inasema kwamba msomaji mwenye ujuzi, akisoma dai pamoja na maelezo, anaona waombaji wanaopima hadi sehemu ya mia ya asilimia, si waombaji wanaokadiria kwa namba nzima. Kwa hiyo "2" katika dai ni 2 ya mizani, na 1.6 iko mbali nayo. Ni hoja nzuri, ingawa si ya kulalia. Hukumu za Uingereza hushawishi huku kwetu, hazifungi, na hata huko Uingereza kila kesi ya namba husomwa kwa maneno ya hataza yake. Ofisi ilieleza pia kwa nini tusingeweza tu kurudi na kuandika "2.0": marekebisho hayaruhusiwi kuongeza jambo ambalo halikuwemo katika maelezo ya awali, na usahihi wa sehemu ya kumi ni jambo linaloweza kuhesabiwa kuwa limeongezwa. Walipendekeza badala yake dai mbadala linaloanzia 2.05, namba ambayo imo tayari katika mfano.

Ziara ya karakana ndiyo iliyonionyesha tofauti ya ofisi hii na nyingine. Wakili, kijana wa umri wa kuwa mjukuu wa mama anayesimamia mapipa, alimwamkia, akamwomba aandae pipa kama siku zote. Mama akachota magadi kwa kopo, akamimina, akachota tena.

"Mama, hilo kopo unalifuta usawa wa mdomo, au unalirundika?"

"Inategemea magadi yenyewe, mwanangu. Yakiwa na unyevu nalifuta. Yakikauka narundika kidogo."

Wakamwaga makopo mawili kwenye mizani, moja lililofutwa na moja lililorundikwa, na tofauti ikawa kubwa kuliko tofauti yote iliyoko kati ya 1.6 na 2. Mimi nilidhani hapo rufani imezama. Wakili aliandika kila kitu, lakini akaeleza kwa utulivu kwamba dai halisomwi kwa mazoea ya karakana ya mwombaji. Linasomwa kwa jicho la mtu mwenye ujuzi wa kawaida katika fani, akiwa na maandiko mbele yake, kwa tarehe ya maombi. Kopo la mama lingeweza kuwa na uzito siku ambayo sisi ndio tungetakiwa kuthibitisha kwamba mshindani anafanya kile tunachokidai, au siku ambayo mtu angeuliza kama sisi wenyewe tunaufuata mchakato tuliouandikia. Kwa swali la upya, lilibaki pembeni. Bado nadhani kopo lile linapaswa kubadilishwa, na limebadilishwa.

Kutoka kwenye mapipa tulikwenda kwenye tanuri, na hapa waraka una sehemu yake bora ya pili. Dai letu linasema mifupa inapashwa moto "hadi nyuzi 400 hadi 500". Waya wa kupimia joto umefungwa kwenye dari ya tanuri. Fundi alisema bila kuulizwa sana: "Wakili, ile saa ya joto inasoma tanuri. Mfupa wa paja unachelewa nyuma." Kwa mwenye kuchoma mifupa hilo ni jambo la kila siku, mfupa usioiva hutoa mkaa unaoyapa maji harufu na rangi, na ulioiva kupita kiasi hugeuka mweupe na uwezo wake wa kushika floridi hupungua. Fundi huamua kwa rangi ya mfupa uliovunjwa, si kwa saa. Lakini dai halikuandika rangi, liliandika nyuzi, na liliandika nyuzi za mfupa.

Kesi waliyoiweka hapo ni ya Marekani, Chef America dhidi ya Lamb-Weston, ya mwaka 2004, na inamfaa mtu yeyote aliyewahi kukaanga andazi. Dai lilikuwa la njia ya kutengeneza vyakula vya unga uliokandwa, na lilisema kwamba kinyunya kilichopakwa rojo kipashwe moto hadi nyuzi za Fahrenheit 400 hadi 850, ambazo ni takriban 204 hadi 454 za Selsiasi. Mwenye hataza alisema kila mwokaji anaelewa kuwa joto hilo ni la tanuri, kwa sababu kinyunya kikifika joto hilo chenyewe kinakuwa mkaa. Mahakama ya rufani ya shirikisho, inayosikiliza mashauri ya hataza ya nchi hiyo, ilikubali kwamba kingeungua, na bado ikasema dai linasomeka wazi, ni kinyunya chenyewe kinachopaswa kufikia joto hilo, na si kazi ya mahakama kumwandikia mwenye hataza dai ambalo alipaswa kuliandika mwenyewe. Kwa kuwa hakuna mwokaji anayefanya hivyo, mshindani hakuwa amekiuka kitu.

Binafsi naona hukumu ile ilikuwa kali mno. Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, katika kesi ya Catnic iliyoamuliwa mwaka 1980, lilisoma neno "wima" kwa kusudi lake, na kizingiti cha chuma kilichopinda nyuzi 6 au 8 kikahesabiwa kuwa wima, kwa kuwa mjenzi yeyote angekielewa hivyo. Sioni kwa nini mwokaji asistahili heshima ile ile. Hata hivyo ushauri wa ofisi ulikuwa sahihi: usiandike dai kwa kutegemea huruma ya mahakama usiyoijua. Kwetu tofauti ilikuwa na faida ya aina yake, kwa sababu andiko la zamani lilitaja joto la tanuri tu. Kama dai letu ni la joto la mfupa, basi hapo kuna tofauti ya pili na andiko lile, ambayo mtahini hakuigusa na ambayo sisi hatukuifikiria. Rasimu ya rufani iliiweka kama sababu ya pili. Gharama yake ni kwamba siku tukimshtaki mtu, tutatakiwa kuthibitisha mfupa wake ulifika nyuzi ngapi ndani, na hakuna anayetia waya ndani ya mfupa wa mshindani. Ofisi iliandika gharama hiyo pia.

Juu ya pH walikuwa wafupi, na inatosha. Walituuliza kwa nini tuliandika 7 kama kikomo cha chini, na hapakuwa na jibu katika karatasi zetu. Kesi ya Warner-Jenkinson dhidi ya Hilton Davis, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1997, ilizaliwa na namba ya namna hiyo: mchakato wa kusafisha rangi za vyakula kwa kuzichuja kwenye utando, "kwa pH ya takriban 6.0 hadi 9.0", dhidi ya mshindani aliyefanya kazi kwa pH 5. Kikomo cha 9 kilikuwa kimeongezwa wakati wa uchunguzi wa maombi ili kukwepa hataza iliyotangulia iliyotumia pH ya juu zaidi. Kikomo cha 6 hakuna aliyeweza kueleza kilitoka wapi. Mahakama ilisema kwamba pale mwenye hataza asipoonyesha sababu ya marekebisho, itachukuliwa kwamba aliyafanya ili apate hataza, na hapo hawezi tena kudai kwamba kilicho nje ya kikomo ni sawa na kilicho ndani. Ushauri wetu ukawa kutogusa kikomo cha pH katika rufani hii na, katika maombi yajayo, kuandika sababu ya kila namba.

Mpangilio wa hatua na neno "unaojumuisha", linaloacha nafasi ya hatua nyingine zisizotajwa, vilipata aya moja moja, na sikuona upungufu. Hatua zilizoorodheshwa hazilazimiki kufuatana isipokuwa mantiki au sarufi inalazimisha, na kwetu sarufi inalazimisha, kwa kuwa unaponda "mkaa uliopozwa".

Palipohitaji maelezo zaidi ni dai letu la tisa, la "mkaa unaopatikana kwa mchakato wa dai la kwanza". Ofisi ilipendekeza liondolewe, na wengi katika kikundi chetu waliona ni kama kupoteza shamba. Hoja ya ofisi ni hii: tangu hukumu ya Kirin-Amgen ya mwaka 2004, Uingereza inafuata msimamo ambao Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikuwa nao tayari, kwamba bidhaa ya zamani haiwi mpya kwa sababu tu imetengenezwa kwa njia mpya. Mkaa wa mifupa ni mkaa wa mifupa. Kuliacha dai hilo katika rufani ni kumpa msikilizaji mahali rahisi pa kukubaliana na mtahini. Na hasara si kubwa kama inavyoonekana, kwa sababu Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, katika kifungu cha 28, unataka hataza ya mchakato impe mwenyewe haki ya kuzuia pia uuzaji wa bidhaa iliyopatikana moja kwa moja kwa mchakato huo. Tulikubali kuliondoa baada ya mabishano marefu. Nadhani walistahili kutueleza kifungu hicho kabla ya mabishano, si baada yake.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu mkemia. Magadi tunayotumia hutoka Ziwa Natron, na magadi ghafi si kabonati tupu ya sodiamu. Ni mchanganyiko wenye bikabonati, maji ya fuwele na chumvi nyingine. Kwa hiyo "asilimia 2 ya magadi" inaweza kumaanisha asilimia 2 ya kile kilichotoka kwenye gunia, au asilimia 2 ya kabonati iliyomo, na tofauti ya namba hizo mbili ni kubwa kuliko ubishi wote wa kukadiria. Inawezekana 1.6 ya andiko la zamani, iliyopimwa kwa kabonati safi, si namba ya aina moja na 2 yetu. Hilo ndilo lingekuwa kiini cha rufani. Ofisi ilimleta mkemia wa kukodi aliyeliona mara moja na kuliandikia ripoti safi, lakini ilimleta baada ya sababu za rufani kuwa zimekwisha wasilishwa, na baada ya hatua ya mtahini, ambako ushahidi wa namna hiyo ulikuwa na mahali pake, kuwa imepita.

Rufani si mahali pa kuanza kupima magadi. Sheria yetu ya mwenendo wa mashauri ya madai huruhusu ushahidi mpya katika rufani kwa sababu chache tu, na mabaraza ya rufani ya hataza nayo hayapendi kuletewa maabara mlangoni. Ofisi yenyewe ilikuwa imenukuu katika waraka wake kesi inayoonyesha jambo hilo vizuri kuliko ninavyoweza mimi: Teva dhidi ya Sandoz, Mahakama ya Juu ya Marekani, Januari 2015. Ilihusu dawa ya Copaxone, na dai lililotaja uzito wa molekuli bila kusema umehesabiwa kwa njia ipi, ilhali wanakemia wa polima wana njia tatu za kuuhesabu na kila moja hutoa namba tofauti. Mahakama ilisema kwamba maana ya dai ni suala la sheria, lakini pale jaji wa kwanza alipowasikiliza wataalamu na kuamua jambo la ukweli kuhusu namna fani inavyolielewa neno, mahakama ya rufani haina ruhusa ya kulitupa isipokuwa kuna kosa la wazi. Dai lenyewe halikuponea hapo, maana mwezi Juni mwaka huo huo mahakama ya rufani, ikiliangalia upya, ilirudia kusema kwamba halina uhakika wa kutosha. Mtu anayenukuu kesi hiyo anajua mkemia huzungumza mapema. Nilipowauliza, niliambiwa ripoti itaambatanishwa pamoja na ombi la kuruhusiwa. Ankara ya mkemia ilikuja peke yake, nje ya bei ya awali, na hilo halikuwa limesemwa.

Mambo madogo: ofisi iko ghorofani na haina lifti, jambo linalostahili kujulikana na mzee mwenye sampuli za mkaa mkononi. Simu hupokelewa. Barua pepe hujibiwa siku hiyo hiyo kama swali ni la kisheria, na hukaa sana kama swali ni la malipo. Wanatoza nakala kwa ukurasa, hata za waraka waliouandika wao, na nimewaambia kwamba hilo linachosha.

Nimewahi kuuliza kazi kama hii Dar es Salaam, ambako mawakili wa hataza ni wengi zaidi na wana uzoefu mrefu wa kushughulika na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Wanajua taratibu kuliko hawa wa Arusha, na kwa alama ya biashara au maombi ya kawaida ningekwenda kwao. Lakini hakuna aliyekuwa tayari kuja kuona tanuri, na katika dai la mchakato swali la namba imepimwa wapi, kwa kifaa gani na kwa kitu gani haliwezi kujibiwa kutoka kwenye picha. Walio karibu na Tengeru wana pia Taasisi ya Nelson Mandela, yenye wanakemia na wahandisi wa maji ambao wangeweza kulisoma dai kwa jicho la fani kabla wakili hajaligusa. Sisi hatukupitia huko, na kwa kazi ijayo nitaanzia huko.

Anayekwenda kwenye ofisi hii akiwa tayari amekataliwa atapata usomaji wa dai ulio makini, ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, na atapata ukweli mchungu mapema. Asitegemee kwamba watamkumbusha kukusanya ushahidi wa kikemia kwa wakati; anapaswa kulidai hilo mwenyewe siku ya kwanza na kuuliza bei ya mkemia kabla ya kusaini. Waraka wa tafsiri peke yake, bila rasimu ya rufani, wanautoza nusu ya bei, na kwa mtu ambaye bado hajawasilisha maombi huo ndio ningenunua. Aende na daftari la vipimo, picha ya mahali waya wa kupimia joto ulipofungwa, na risiti ya gunia inayoonyesha malighafi ilitoka wapi.